Mtoto aliyefundishwa kumchukia sungura

Mwaka 1943, Marekani ikiwa vitani, kampuni ya Walt Disney, hao hao wenye panya Mickey, ilitoa katuni ya dakika kama kumi hivi iitwayo "Education for Death", yaani Elimu ya Kifo. Ndani yake yumo mtoto wa Kijerumani, Hans. Yuko darasani. Mwalimu anawasimulia wanafunzi habari ya mbweha anayemkimbiza sungura, akamkamata, akamla. Kisha anauliza: mmejifunza nini? Hans anasema maskini sungura. Darasa zima linamgeukia. Anaadhibiwa, anawekwa kwenye kona, na kutoka kwenye kona ile anawasikia wenzake wakitoa majibu yanayotakiwa, kwamba mwenye nguvu ana haki na mnyonge hana. Hatimaye Hans naye anatamka kwamba anamchukia sungura.

Miaka 76 baadaye, mwaka 2019, mwongozaji wa filamu kutoka New Zealand, Taika Waititi, alitoa "Jojo Rabbit". Humo mtoto wa miaka 10 yuko katika kambi ya Vijana wa Hitler. Wakubwa wanamkabidhi sungura hai na kumwamuru amuue. Anashindwa, anajaribu kumwachia akimbie. Mkubwa mmoja anamdaka mnyama yule, anamvunja shingo na kumtupa. Tangu siku hiyo mtoto anaitwa Jojo Sungura.

Wasikilizaji, ndiyo mazungumzo yetu ya wiki hii: filamu za vita ambazo mhusika wake mkuu si jenerali wala komando. Ni mtoto aliyelishwa chuki tangu mdogo, akaiamini, kisha vita vikamfikia mlangoni. Filamu za namna hii ni nyingi na zilizo nzuri ni chache. Nimezitaja hizo mbili kwanza kwa sababu ya sungura. Mtoto hazaliwi akimchukia jirani. Kabla hajafundishwa kuchukia, hufundishwa kwanza kuona aibu kwa kuwa na huruma. Akishaona huruma ni udhaifu wa kuchekwa na wenzake, kazi iliyobaki ni nyepesi.

Tuanze na mambo yalivyokuwa, ili tujue filamu hizi zinasimulia nini. Chama cha Nazi kiliingia madarakani Ujerumani Januari 1933. Jumuiya yake ya vijana, Vijana wa Hitler, ilikuwa na wanachama wapatao laki moja mwishoni mwa mwaka 1932. Mwaka mmoja baadaye walikuwa wamezidi milioni mbili. Sheria ya Desemba 1936 iliifanya jumuiya hiyo kuwa chombo cha dola cha kulea vijana wote, na mwaka 1939 uanachama ukawa wa lazima kuanzia umri wa miaka 10. Ilipoanza vita, walikuwa zaidi ya milioni nane. Wavulana walikuwa na vikosi vyao na wasichana vyao.

Shuleni hali ilikuwa hiyo hiyo. Vitabu vya hesabu viliwataka wanafunzi wapige hesabu ya gharama za kumtunza mgonjwa wa akili, kisha watafute kwa fedha hizo zingejengwa nyumba ngapi za wazima. Mwaka 1938 nyumba ya uchapishaji ya Julius Streicher, mwenye gazeti la Der Stürmer, ilitoa kitabu cha picha cha watoto kiitwacho "Der Giftpilz", yaani Uyoga wa Sumu. Mama na mwanawe wanachuma uyoga msituni. Mama anamweleza mtoto kwamba kama ulivyo uyoga mzuri na uyoga wa sumu, ndivyo na watu walivyo, na uyoga wa sumu ni Myahudi. Angalieni hila iliyotumika. Somo limetoka kinywani mwa mama, katika matembezi ya furaha, kapu likiwa mkononi. Nani atamkatalia mama yake?

Na redio nayo, nisiifiche kwa kuwa ni kazi yangu. Agosti 1933 serikali ile ilileta sokoni redio ya bei nafuu, marka 76, wakati nyingine zikiuzwa ghali zaidi. Iliitwa redio ya umma. Nambari ya aina yake ilikuwa 301, kwa kumbukumbu ya tarehe 30 Januari, siku Hitler aliyokabidhiwa serikali. Hata kisanduku cha kusikilizia muziki kilibeba sikukuu ya chama.

Sinema haikuachwa nyuma. Septemba 1933 ilionyeshwa mjini Munich, Hitler mwenyewe akiwapo, filamu iitwayo "Hitlerjunge Quex", iliyoongozwa na Hans Steinhoff. Ilitokana na riwaya iliyojengwa juu ya kisa cha kijana wa Berlin, Herbert Norkus, aliyeuawa Januari 1932 katika mapambano ya mitaani kati ya Wanazi na Wakomunisti. Katika filamu kijana anaitwa Heini. Baba yake hana kazi, ni mlevi na Mkomunisti. Heini anapelekwa kwenye kambi ya vijana wa Kikomunisti, kuna kelele, sigara na pombe. Usiku anatoka, anapita msituni, na huko anauona moto wa kambi nyingine. Vijana wamevaa sare safi, wamejipanga, wanaimba. Heini anajificha nyuma ya miti akitazama.

Filamu hiyo ni ya uwongo na ni hatari, lakini anayetaka kuelewa propaganda yafaa ajue ilivyotengenezwa. Haikuanza kwa kumwambia mtoto amchukie fulani. Ilianza kwa kumwonyesha kitu anachokikosa: usafi, wimbo, wenzake wa rika moja, mtu mzima anayemsikiliza. Nyumbani kuna kofi, kambini kuna moto na uimbaji. Chuki inakuja baadaye, kama malipo ya vile vyote alivyopewa. Baba yule aliigizwa na Heinrich George, mmoja wa waigizaji wakubwa wa Ujerumani, ambaye kabla ya 1933 alikuwa akifanya kazi na watu wa mrengo wa kushoto. Alifariki mwaka 1946 katika kambi ya Warusi ya Sachsenhausen. Ukimtazama anavyoigiza, unamhurumia baba yule kuliko filamu ilivyokusudia.

Sasa tuje kwa waliojibu.

Nikiulizwa filamu moja tu katika kundi hili, nitataja "Die Brücke", yaani Daraja, ya mwaka 1959, iliyoongozwa na Bernhard Wicki. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Tuko katika mji mdogo wa Ujerumani, siku za mwisho za Aprili 1945. Vita vimekwisha kwa kila mwenye akili, ila havijakwisha kwa wavulana saba wa darasa moja, umri wao miaka 16 hivi. Kwa muda mrefu filamu haionyeshi vita. Inaonyesha watoto: mmoja anampenda msichana, mmoja ana ugomvi na baba yake, wote wanacheza mtoni. Kisha barua za kuitwa jeshini zinafika, na wanashangilia. Mama mmoja baada ya mwingine anafunga mzigo huku akilia, mtoto anamwona mama kuwa anamwaibisha.

Wanafunzwa siku moja tu. Mwalimu wao anakwenda kumwomba kapteni awanusuru. Kapteni anawapanga walinde daraja la mji wao wenyewe, daraja lisilo na maana yoyote ya kivita na ambalo limekwisha kupangwa kulipuliwa, ili wakae mbali na mapigano. Anawawekea koplo mzee wa kuwatunza, mwenye maagizo ya kuwarudisha nyumbani. Koplo anakwenda kuwatafutia kahawa. Njiani anakutana na doria, anadhaniwa mtoro, anapigwa risasi na Wajerumani wenzake. Wavulana wanabaki peke yao na amri ya kulinda daraja, na hakuna mtu mzima wa kuwaambia amri ile ilikuwa ya kuwaokoa.

Kuna mmoja mdogo kuliko wote, Sigi. Ndege inapita, analala chini kwa hofu, wenzake wanamcheka. Ndege ya pili inapopita hataki kulala. Anasimama wima ili wasimcheke tena. Huyo ndiye wa kwanza kufa. Wicki hakuweka hotuba pale. Hakuna anayeeleza kwamba Sigi ameuawa na aibu kabla ya kuuawa na ndege ile. Mtazamaji anaona mwenyewe.

Vifaru vya Marekani vinafika. Askari mmoja wa Kimarekani anapogundua anapigana na watoto, anawapigia kelele waache, waende zao nyumbani, na anataja shule ya chekechea. Alikusudia kuwaokoa. Lakini kwa kijana aliyefundishwa miaka yote kwamba kuitwa mtoto ni tusi, hakuna neno baya zaidi. Anampiga risasi ya tumbo. Kilio cha askari yule kinaendelea muda mrefu, na uso wa kijana aliyempiga unabadilika, maana katika nyimbo zote alizofundishwa hakuna mtu aliyekufa hivyo.

Mwishoni amebaki mmoja kati ya saba. Maandishi yanasema mambo hayo yalitokea tarehe 27 Aprili 1945, na hayakuwa na uzito wa kutajwa katika taarifa yoyote ya jeshi.

Wapo watakaosema hiyo ni sinema, imetiwa chumvi. Machi 1945 habari za sinema za Ujerumani zilimwonyesha Hitler akipita mbele ya mstari wa wavulana mjini Berlin na kuwapapasa mashavu. Walikuwa wamepewa nishani ya Msalaba wa Chuma. Mmoja wao alikuwa na miaka 12. Filamu ya Wicki haijatia chumvi.

Roberto Rossellini, Mwitaliano, yeye alipiga picha zake katika Berlin yenyewe, mwaka 1947, ikiwa bado vifusi. Filamu yake, "Germania anno zero", ilitoka mwaka 1948. Edmund ana miaka 12, baba yake ni mgonjwa, nyumbani hakuna chakula. Mwalimu wake wa zamani, ambaye Unazi haujamtoka, anampa sahani ya santuri yenye hotuba ya Hitler akawauzie askari wa kigeni kama kumbukumbu. Mtoto anaipiga kwa gramafoni katika magofu ya ofisi ya Hitler. Sauti inanguruma kwenye kuta zilizobomoka, na mzee mmoja anayepita anasimama kusikiliza. Mwenye sauti amekwisha kufa, sauti bado inafanya kazi. Kwa sisi watu wa redio, tukio lile moja ni somo la mwaka mzima.

Siku nyingine mwalimu yule anamwambia Edmund kwamba wanyonge lazima wafe ili wenye nguvu waishi. Ni somo lile lile la mbweha na sungura. Edmund anakwenda nyumbani, anamtilia baba yake sumu katika chai. Anaporudi kumweleza mwalimu kwamba amefanya alivyofundishwa, mwalimu anaingiwa na hofu na kuruka futi mia: mimi sikukwambia lolote! Mtoto anaachwa peke yake na tendo lake, na filamu inaishia kwa kifo chake. Wazazi, hiyo si ya kutazama na watoto.

Kuna filamu ambayo kisa chake kingekuwa mzaha kama kisingekuwa kweli. "Europa Europa" ya Agnieszka Holland, mwaka 1990, inamfuata Solomon Perel, kijana wa Kiyahudi aliyezaliwa Ujerumani. Akikimbia, kwanza aliangukia katika kituo cha watoto yatima cha Kisovieti, akafundishwa kumsifu Stalin. Majeshi ya Hitler yalipoingia, akajitambulisha kuwa Mjerumani, akaishia katika shule ya Vijana wa Hitler mjini Braunschweig kwa jina la Josef. Huko mwalimu wa elimu ya mbari anamwita mbele ya darasa, anampima fuvu na uso, anachungulia rangi ya macho, kisha anatangaza kuwa kijana huyu ni Mwarya halisi. Darasa linatulia. Sayansi imesema.

Watazamaji hucheka hapo, na wana haki. Lakini Perel mwenyewe, aliyefariki mwaka 2023 akiwa na miaka 97, alieleza mara nyingi kwamba yule Josef hakumtoka kabisa. Myahudi aliyejua siri yote, aliyejua kwamba kila neno la darasani lilimkusudia yeye na ndugu zake, bado sehemu ya mafundisho ilimwingia. Basi fikiria mtoto asiye na siri yoyote ya kumkinga.

Hapo ndipo "Jojo Rabbit" ilipozua ubishi. Waititi, ambaye mama yake ni wa asili ya Kiyahudi na baba yake Mmaori, alicheza mwenyewe nafasi ya Hitler, lakini Hitler wa kufikirika, rafiki anayeishi kichwani mwa mtoto na kumpa ushauri wa kijinga. Baba wa Jojo hayupo nyumbani. Nafasi iliyo wazi imejazwa na picha ya ukutani. Wengine walisema si haki kuchekesha kwa habari hizo. Filamu ilipata tuzo ya Oscar ya mwaka 2020 kwa mwongozo wake wa maandishi uliotokana na riwaya, na ubishi haukwisha. Mimi nadhani kicheko kina kazi yake pale. Jojo anagundua msichana wa Kiyahudi, Elsa, amefichwa na mama yake ndani ya nyumba yao. Anaamua kumhoji ili aandike kitabu kuhusu Wayahudi: wana mikia, wana pembe? Elsa kwa kumdhihaki anamjibu upuuzi mtupu, naye anauandika wote kwa bidii. Ndivyo uwongo ule ulivyokuwa: ukiandikwa polepole kwa kalamu ya mtoto, unachekesha. Nina shaka tu na wepesi wa uponyaji wake. Jojo anapona haraka mno.

Lakini lipo swali zito kuliko kicheko. Je, filamu hizi haziwasafishi Wajerumani, kwa kumweka mtoto mbele na kuwaficha wakubwa nyuma yake? Swali ni la haki. Angalieni "The Boy in the Striped Pyjamas" ya mwaka 2008. Mwana wa mkuu wa kambi ya mateso hajui kambi ni nini, anadhani ni shamba. Mtoto wa ofisa wa SS, katika miaka ile, asiyewahi kusikia neno Myahudi kwa ubaya? Haiwezekani. Dada yake, anayebandika picha za chama chumbani, ndiye mtoto wa kweli katika filamu ile, na kamera haikumjali. Mwaka 2020 makumbusho ya Auschwitz yalishauri kwamba riwaya yenyewe iepukwe na wanaojifunza au kufundisha historia hiyo.

Kinyume chake ni "Napola" ya Dennis Gansel, mwaka 2004, kuhusu shule maalumu za kuandaa viongozi. Usiku wanafunzi wanatumwa msituni kuwasaka wafungwa wa Kirusi waliotoroka. Wanafyatua risasi. Wakikaribia wanakuta waliowapiga ni wavulana kama wao, hawana silaha. Wao wametumwa na wamedanganywa, lakini vidole vilivyofyatua ni vyao. Na historia ina ushahidi huo huo: divisheni ya kumi na mbili ya SS, iliyojazwa wavulana wa miaka 17 kutoka Vijana wa Hitler, iliwaua wafungwa wa Kikanada huko Normandy, Juni 1944. Filamu inayomwacha mtoto awe mwenye kudhulumiwa na mwenye hatia kwa pamoja ndiyo inayosema kweli.

Na wakubwa wao je? Streicher, mchapishaji wa Uyoga wa Sumu, alinyongwa Nuremberg Oktoba 1946, ingawa hakuna aliyemshitaki kwa kuua kwa mkono wake. Baldur von Schirach, aliyewaongoza Vijana wa Hitler kwa miaka, alifungwa miaka 20 na kuachiwa mwaka 1966. Kilichomtia hatiani ni kuwahamisha Wayahudi wa Vienna. Kwa yale mamilioni ya watoto hakuna kifungo alichopata.

Hoja ile ya Streicher ilikuja kusikika tena karibu na kwetu, Arusha. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliwatia hatiani watu watatu kwa kazi za redio na gazeti, na majaji waliikumbuka hukumu ya Nuremberg. Redio yenyewe, RTLM, ilianza Julai 1993, ikawavuta vijana kwa muziki na mizaha kabla ya kuwataja watu wa kuuawa. Mwaka 2007 rufaa ilipunguza adhabu zao kuwa miaka 30, 32 na 35. Raoul Peck aliitengenezea habari hiyo filamu mwaka 2005, "Sometimes in April". Ndugu wawili, mmoja ofisa wa jeshi, mwingine mtangazaji wa redio ile, wanakutana tena Arusha baada ya miaka kumi. Mtangazaji yule haonyeshwi kama zimwi. Ana sauti nzuri.

Kwa anayetaka kutazama: Daraja na ya Rossellini si za Kiingereza, zitafuteni zenye maandishi chini. Ya Jojo inafaa kwa watoto waliokwisha vuka miaka 12 au 13, mzazi akiwa karibu, maana mama wa Jojo ananyongwa uwanjani na mtoto anamtambua kwa viatu vyake. Ama ile ya mwaka 1933, ya kijana Heini, Ujerumani hadi leo haiuzwi wala haionyeshwi ovyo. Iko katika orodha ya filamu zenye masharti. Kabla ya taa kuzimwa lazima asimame mtu mwenye ujuzi awaeleze watazamaji wanachokwenda kuona, na taa zikiwashwa, mazungumzo huanza.